Upepo wa Saa Kumi

Daktari Isidori hakuwa mtu wa maneno mengi, na kazi yake haikumfundisha kuyaongeza. Alisubiri Inspekta Matrida avae barakoa, akashusha shuka hadi kifuani mwa marehemu, kisha akaonyesha jeraha lililokuwa juu ya jicho la kushoto.

"Hili ndilo mlilomkamatia mtu?"

"Ndilo."

"Halikumuua. Ngozi imechanika, mfupa mzima. Alijigonga wakati anaanguka, na alianguka kwa sababu alikuwa ameshaanza kufa."

Matrida alifungua daftari. Ilikuwa Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi, na kesho yake saa tatu kijana aitwaye Werema alitakiwa kusimamishwa mahakamani hapo Musoma kwa kosa la kumuua mzee huyu. Kesi ya mauaji haina dhamana. Mtu akishaingizwa humo hutoka siku ambayo serikali itakumbuka kumtoa, na mke wa Werema alikuwa na mimba ya miezi minane.

Daktari alieleza taratibu. Njia ya hewa ya mzee Masatu ilikuwa nyeusi kwa masizi mpaka ndani. Damu ilikuwa imejaa ile hewa ya moshi inayomlevya mtu kabla hajajua kuwa amelewa. Koo lilikuwa limevimba kwa namna ambayo moshi wa kuni peke yake hauvimbishi. Huo ulikuwa moshi wa plastiki. Mtu mwenye mapafu mazima angekohoa wiki moja akapona, lakini Masatu hakuwa na mapafu mazima.

"Alikuwa anafanya kazi gani?" daktari aliuliza.

"Kushona nyavu."

"Kabla ya hapo. Haya ni makovu ya vumbi, na ni ya miaka mingi."

Matrida hakujua. Aliandika: vumbi, kazi ya zamani. Akauliza saa ya kifo, akajibiwa kati ya saa moja na saa nne usiku wa Jumapili.

Moshi wenyewe ulitoka wapi, hilo halikuwa fumbo kwake. Alikuwepo. Jumapili ile kikosi cha doria kiliingia mwalo wa Buringe, kituo cha wavuvi mbele kidogo ya Makoko, kikakamata nyavu haramu zaidi ya mia mbili, nyingi zikiwa timba, zile za uzi wa plastiki ambazo samaki hawazioni majini. Matrida alipelekwa pamoja na askari sita kulinda usalama. Kibali cha mahakama cha kuteketeza zana kilikuwa mkononi tangu Ijumaa. Kwa kawaida vitu kama hivyo hupelekwa kwenye shimo la machimbo ya zamani ya kokoto, nyuma ya kilima, mbali na watu. Siku hiyo lori liliharibika, watu wakaanza kukusanyika, ikaamuliwa zichomwe hapohapo ufukweni. Saa kumi jioni petroli ikamwagwa. Miali ilipanda nusu saa, kisha lundo likazama likafuka mpaka kesho yake.

Jumatatu asubuhi mzee Masatu alikutwa sakafuni chumbani mwake, hatua ishirini kutoka kwenye lile lundo. Kijiji kizima kilikuwa na jibu tayari. Masatu ndiye aliyewachongea wavuvi kwa doria, na Werema, aliyepoteza nyavu nyingi kuliko wote, alikuwa amemtishia mbele za watu.

Paschal, mkuu wa upelelezi, alilipenda jibu hilo kwa sababu lilikuwa fupi. Matrida alipompigia kueleza matokeo ya daktari, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mtu anaweza kufungiwa kwenye moshi makusudi, na hayo pia ni mauaji. "Pafukapo moshi pana moto, afande," alisema, akakata simu.

Mlangoni pa kituo Dafroza, mke wa Werema, alikuwa amekaa kwenye kigogo tangu Jumatatu akiwa na hotipoti ya ugali mapajani. Matrida alimsalimu. Dafroza aliitikia huku akitazama chini. Matrida alikuwa ameyazoea hayo. Alikuwa na mwaka wa tatu Musoma, amepanga Makoko, na hakuna jirani aliyewahi kumwita hata kwa kikombe cha chai. Watu wakimwona walishusha sauti, na akishapita walizipandisha. Dada yake aliyebaki Butiama naye alikuwa amepunguza simu, kidogo kidogo, mpaka zikaisha.

Werema alitolewa mahabusu akaketishwa kwenye kiti ambacho mguu wake mmoja ni mfupi. Alikuwa kijana mrefu, macho mekundu, na alikohoa kabla ya kujibu swali la kwanza.

"Ulimtishia mzee Masatu?"

"Nilimtishia. Nilisema mchana, kila mtu kasikia. Nilisema moshi wa nyavu zetu ataula yeye."

"Ukamfungia ndani?"

"Hapana, afande. Mimi nilimfungia nje."

Matrida aliacha kalamu itulie. Werema akasimulia bila kuulizwa tena. Ilikuwa kwenye saa moja usiku, moshi umejaa mpaka taa hazionekani. Akasikia mtu anakohoa mlangoni, anakohoa sana kabla hajapata pumzi ya kusema.

"Akaniambia, Werema mwanangu, nifungulie nikae kwako mpaka upepo ugeuke. Nyumba yangu mimi iko juu, moshi ulikuwa mdogo. Nikamwambia aende kwa maaskari wake, si ndio wananong'onezanaga. Akaenda kwa jirani, nikamsikia anagonga. Akagonga na kwa mwingine. Hakuna aliyefungua, sote tulijua ndiye mchongezi. Halafu nikamsikia anateremka kwake." Alipangusa pua kwa kiganja. "Alinishonea wavu wangu wa kwanza yule mzee. Niandikie hivyo hivyo, sina lingine."

"Nani alimwona akinong'ona na askari?"

"Wengi. Mke wangu pia. Kabla hamjawasha moto, pembeni ya mtumbwi uliopinduliwa."

"Askari gani?"

"Mtu wa sare, afande. Kwa mbali mnafananaga wote."

Hapo Matrida alipata uzi wa kuvuta. Aliandika majina ya askari sita aliokwenda nao, akawaita mmoja mmoja. Wote walikana. Konstebo Eliud, aliyeuvunja mlango wa marehemu Jumatatu na kukusanya vielelezo, aliapa kuwa hata sura ya mzee huyo aliiona kwa mara ya kwanza akiwa maiti. Matrida alimwamini, maana hata yeye mwenyewe aliiona siku hiyohiyo. Akampigia Stanislausi, kiongozi wa doria.

Stanislausi alicheka aliposikia habari ya mchongezi. Hakukuwa na mchongezi yeyote. Nyavu walizikuta zimeanikwa kwenye mabua ya mahindi, wazi kabisa kama nguo za harusi, na wenyewe wote wako kanisani. Miaka yote doria haikuwahi kwenda Buringe siku ya Jumapili, kwa hiyo Jumapili ndiyo siku waliyoanikia.

"Na wewe hukuongea na mzee yeyote karibu na mtumbwi?"

"Mimi nilikuwa nagombana na lori, afande. Unakumbuka."

Alikumbuka. Alimshukuru akakata simu. Mzee wa watu alikuwa amefungiwa milango kwa kosa ambalo halikuwepo, na mahali fulani kulikuwa na askari aliyeongea naye na sasa anaona haya kusema. Matrida alimkasirikia askari huyo, hasira ya kweli iliyompasha masikio.

Alifika Buringe kabla ya saa tano. Mahali pa moto palikuwa na bamba jeusi lililoganda mchangani, plastiki iliyoyeyuka ikashikamana na maboya na mawe. Alikuta watu wachache nje. Watoto wanne walikuwa wamepelekwa zahanati na vifua, na wanawake waliokuwa wakianika dagaa walikuwa wakiwamwaga. Ghati, mwanamke wa makamo mwenye sauti kavu, alimnyooshea kiganja kilichojaa dagaa.

"Nusa."

Matrida alinusa. Walinuka mpira uliochomwa.

"Jana nimewapeleka sokoni Mwigobero, wamenirudishia," Ghati alisema. "Wamesema hata bata hali."

Ghati ndiye aliyekuwa akimpikia Masatu uji kila asubuhi, na ndiye aliyeita watu Jumatatu mzee alipokaa kimya. Matrida alimwomba wafuatane chumbani.

Kilikuwa chumba kimoja cha matofali ya kuchoma na bati. Kitanda, sanduku la risasi za kuzamishia nyavu, sindano za kushonea zimepangwa kwa ukubwa. Komeo la ndani lilikuwa limeng'oka na misumari yake, upande wa ndani, kwa teke la Eliud. Kwa nje hakukuwa na komeo wala alama ya gogo. Nafasi kati ya ukuta na bati ilikuwa imezibwa vipande vya wavu na magazeti. Dirisha lilikuwa limezibwa blanketi. Kwenye kona ya sanduku kulikuwa na damu kidogo iliyokauka, kimo cha mtu aliyepiga magoti. Chini ya mlango, kwa mujibu wa orodha ya Eliud, kulikuwa na kitambaa kilicholoweshwa maji, kielelezo namba nne, ambacho sasa kilikuwa kwenye mfuko kituoni.

Basi hakuna mtu aliyeingia, na hakuna aliyemfungia. Mzee alijifungia mwenyewe akaziba kila tundu. Ila moshi wa plastiki una masizi laini kuliko vumbi la unga, na ulikuwa umesukumwa kwenye ukuta huo saa tano mfululizo. Ulipita kwenye magazeti, na ukishaingia haukuwa na pa kutokea.

"Kwa nini moshi ulikuja huku chini tu?" Matrida aliuliza. "Jana asubuhi nilipofika, moshi ulikuwa unakwenda ziwani."

Ghati alimtazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyeuliza jua linatokea wapi. Kuanzia mchana, alisema, upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, na saa kumi ndio una nguvu zote. Usiku mkubwa unatulia. Alfajiri unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Ndiyo maana hapo Buringe hakuna anayewasha moto mkubwa jioni.

"Hata mabua tunachomaga alfajiri. Hata takataka. Mtoto wa darasa la kwanza anajua. Na nyavu tungekuwa sisi tusingechoma, kuna watu Mwigobero wananunuaga plastiki, wanaikata wanaipeleka kiwandani."

"Na hakuna aliyesema?"

"Watu walikuwa na hasira, afande, nani aseme? Mzee Masatu ndiye alisema. Alinipitia hapa akasema anakwenda kuwaambia wakubwa wasubiri alfajiri. Sijui kama alifika."

Matrida alisimama pale mlangoni, upepo wa mchana ukiwa umeanza kumgusa uso. Alifika, aliwaza. Alifika, na watu wakamwona amefika, na hilo ndilo lililomfungia milango yote mitatu. Akachora mstari mnene chini ya majina sita kwenye daftari.

Mchana alikula Mwigobero, peke yake kwenye meza ya watu wanne. Watu wawili walikuja na sahani zao, wakaona sare, wakaenda kusimama kaunta. Alimaliza samaki wake haraka, akawasha gari kwenda Bunda, kwa sababu mtoto pekee wa marehemu alikuwa huko, na sheria inataka ndugu ahojiwe.

Jenoveva alikuwa fundi cherehani, na kibaraza chake kilitazamana na kiwanda cha kuchambua pamba ambacho kilifungwa zamani. Macho yalikuwa yamevimba lakini mikono ilikuwa kazini. Alisema akikaa bure atapiga kelele. Alimpa Matrida kigoda na soda, na Matrida alishtuka jinsi soda hiyo ilivyomgusa.

Vumbi lile lilieleweka kwa sentensi mbili. Baba yake alifanya kazi kwenye kiwanda hicho miaka ishirini na miwili, chumba cha mashine, ambako nyuzi za pamba hujaa hewani kama ukungu na hakuna aliyepewa cha kuvaa puani. Kifua kilipomshinda akahamia ziwani, kwa wazee wa upande wa mama, akaanza kushona nyavu.

"Nilimwambia aje tukae wote hapa," Jenoveva alisema. "Akasema Bunda kuna vumbi, kule ziwani kuna hewa safi."

Alikunja kitambaa alichokuwa akishona, akakikunjua tena.

"Dada, mimi nina ombi moja. Tunamzika Alhamisi. Mlikiona kitambaa chake?"

"Kitambaa gani?"

"Anafungaga mdomoni na puani. Moshi ukitokea hata wa jikoni, anakifunga. Kipande cha kitenge cha marehemu mama, cha jubilei ya parokia, cha kijani kina kalisi za njano, vile vikombe vya misa. Alikuwa anasema, vitambaa vingine vinapitisha vumbi, hiki mama yako ananichujia. Nilitaka azikwe nacho."

Matrida alisikia gari likipita barabarani, likaenda mpaka likaisha. Kalisi za njano. Zilikuwa zimepangwa safu mbili, na juu yake macho mawili ya mtu mzima, yenye adabu, yakimtazama kutoka kando ya mtumbwi uliopinduliwa. Sura hakuiona, kwa sababu kitambaa kilikuwa kimeifunika mpaka chini ya macho. Hata sauti ilikuwa imefunikwa. Na yeye wakati huo hakuwa akimtazama mzee; alikuwa akiutazama umati nyuma ya bega lake.

"Kipo," alisema. "Kipo kituoni."

"Nitakipata kabla ya Alhamisi?"

"Sijui."

Jenoveva hakulazimisha. Alimsindikiza mpaka kwenye gari, akamshukuru kwa kuja mwenyewe badala ya kumwita kituoni. Matrida aliendesha njia nzima bila redio. Mara mbili alishika simu ampigie dada yake Butiama, na mara mbili hakujua angeanzia wapi.

Saa kumi na moja alikuwa kwenye stoo ya vielelezo, Eliud akiwa shahidi wa kufungua mfuko. Kitambaa kilikuwa kimekauka kigumu, cheusi upande mmoja. Matrida alikikunjua juu ya meza. Ndani ya mikunjo, ambako moshi haukufika, kijani kilikuwa bado kijani, na kalisi zilikuwa saba. Mzee alikuwa amekivua usoni akakilowesha akakiweka chini ya mlango. Alikuwa na kitu kimoja tu cha kuchujia hewa, akaamua mlango unakihitaji kuliko yeye.

"Afande, tumempata yule askari?" Eliud aliuliza kwa sauti ndogo.

"Tumempata."

Alikwenda na jalada ofisini kwa Paschal. Alieleza akiwa amesimama: komeo la ndani, matundu yaliyozibwa, daktari, upepo, kitambaa. Werema hana kosa ambalo sheria ina jina lake, aachiwe jioni hii. Paschal alikubali kwa kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka.

"Basi andika ajali, jalada lifungwe. Ripoti ya doria inasema iliamuliwa zichomwe ufukweni. Inatosha."

"Iliamuliwa na nani?"

"Matrida."

"Stanislausi alitaka zilindwe mpaka asubuhi, lori litengenezwe, zipelekwe shimoni. Mimi nilikataa. Askari wangu walikuwa hawajala, watu walikuwa wanaongezeka, nikaona tukimaliza haraka ndiyo usalama. Nikasema zichomwe hapohapo. Mzee akaja kuniomba, nikamkatalia pia."

Paschal alisogeza miwani yake mezani, akairudisha ilipokuwa. Alisema taratibu kwamba hakuna mtu mwingine aliyesikia mazungumzo hayo, na aliyeyasikia amekufa.

"Ndiyo maana lazima niyaandike," Matrida alisema. "Jalada nakuachia wewe, siwezi kujipeleleza. Na kule stoo kuna marobota mengine ya nyavu yanasubiri kuteketezwa. Yasiguswe kiberiti. Watu wa kununua plastiki wapo Mwigobero."

Paschal alilivuta jalada upande wake.

Werema alitoka kabla jua halijazama. Matrida aliwaona kupitia dirishani, yeye na Dafroza, wakipita geti bila kusemezana, kijana akiwa amebeba hotipoti. Hakuna aliyegeuka kumtazama inspekta, na hapakuwa na sababu ya kugeuka.

Aliingia chumba cha mahojiano akafunga mlango, kisha akaufungua tena akauacha wazi. Akakaa kwenye kiti chenye mguu mfupi, akavuta karatasi ya maelezo, akaandika jina lake, cheo, na kabila, akaandika tarehe na saa. Aliandika moja kwa moja, bila kufuta, mpaka akafika kando ya mtumbwi. Hapo alipumzika kidogo, akaendelea.

Utaratibu unataka maelezo yakishaandikwa yasomwe kwa sauti mbele ya aliyeyatoa, naye aulizwe kama ni sahihi. Hapakuwa na mtu mwingine chumbani. Matrida aliishika karatasi kwa mikono miwili akajisomea, na sauti yake ikawa ndogo kuliko alivyotegemea:

"Alisema, Mama, samahani, subirini alfajiri, saa hizi upepo unatoka ziwani, moshi wote utaingia kwetu. Mimi sikumuuliza jina. Nilimwambia, Mzee, rudi nyumbani ukafunge mlango. Akasema, Sawa mama. Akaenda."

Alijiuliza kama ni sahihi, akajibu kuwa ni sahihi, akatia sahihi.